Kasa akinasa kwenye wavu wa jarife, usiharakishe kumtupa majini

Wavuvi wenzangu, kasa anapumua kwa mapafu kama sisi. Akikaa muda mrefu chini ya maji amenaswa, anazama. Ukimpandisha chomboni amelegea, hatikisiki, usidhani amekufa, na tafadhali usimrudishe baharini hapo hapo. Wengi humalizika hivyo, na inaniuma kweli.

Mshike kwenye gamba, mbele na nyuma, usimvute kwa mapezi. Mlaze kifudifudi. Kisha inua upande wa nyuma uwe juu kuliko kichwa, kama sentimita 15 hivi, hata kwa kukunja tanga kuukuu chini yake, ili maji yatoke mapafuni. Mweke kivulini na umfunike kitambaa kibichi, ila pua iwe wazi. Usimtie kwenye beseni la maji. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata 24, ndipo azinduke. Akishachangamka, simamisha mashine, mteremshe taratibu mbali na nyavu.

Akiwa na jeraha, au anaelea tu asiweze kupiga mbizi (mara nyingi huwa amemeza plastiki), huyo anahitaji daktari. Kwa walio Watamu, Local Ocean Conservation wana kituo cha kuwatibu kasa. Kwingineko Kenya, waarifu KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) au BMU yako (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo). Ihifadhi namba yao kwenye simu leo, kabla hujaingia baharini.