Jinsi ya Kupunguza Virusi Hewani katika Ukumbi wa Mikutano

Virusi vya Korona, mafua na surua husafiri katika chembechembe ndogo mno zinazotoka kinywani na puani mtu anapopumua, anapozungumza au anapoimba. Chumba kikifungwa, chembechembe hizo huelea kwa muda mrefu. Virusi vya surua huweza kuambukiza hata saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Kunawa mikono ni jambo jema, lakini hakuondoi hewa iliyokwisha kupumuliwa.

Fungua madirisha ya kuta mbili zinazotazamana, ili upepo uingie huku na kutokea kule, kwa maana madirisha mengi ya ukuta mmoja hayapitishi hewa vizuri. Mjini Nakuru, ambako asubuhi za Julai ni za baridi kali, acha upenyo wa kiganja kila upande kikao kizima, kisha fungua kila kitu wakati wa mapumziko, na waalikwa waambiwe mapema waje na sweta. Jiko la makaa lisitumiwe kutia joto ukumbini, kwani gesi yake huua watu waliojifungia. Kisumu taabu ni mbu, ambao huwafanya watu kufunga madirisha wakati wa magharibi, saa ileile vikao vya chama na mazoezi ya kwaya yanapoanza. Hapo tia wavu wa dirishani, nao upanguswe vumbi mara kwa mara, kwa sababu ukiziba haupitishi upepo.

Pangaboi la darini huzungusha hewa ileile tu. Afadhali feni ya kusimama, iwekwe dirishani ikitazama nje, upande ambao upepo hutoka ukumbini, na dirisha la mkabala liachwe wazi.

Mwenye uwezo anunue kipima kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tunapopumua. Hewa ya nje huwa na takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni. Ndani zikizidi 800, ongeza upenyo au punguza watu. Kifaa hicho hakitambui virusi, bali huonyesha ni kiasi gani cha pumzi za wenzako unachovuta.

Kwaya ifanyie mazoezi uani, kwa kuwa kuimba hutoa chembechembe nyingi kuliko mazungumzo. Anayekohoa abaki nyumbani, na akilazimika kuja avae barakoa ya N95 iliyobana puani na mashavuni, kwani ile ya kitambaa huvuja pembeni.