Kabla ya kumhudumia mgonjwa wa macho kwa simu wakati wa mlipuko wa ugonjwa

Kliniki nyingi huanza na swali la programu ipi ya simu ya video itumike. Hilo linaweza kusubiri. Kwanza andika ni wagonjwa gani hawatahudumiwa kwa simu, hata ugonjwa ukiwa umeenea vipi: aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla, aliyeumia jicho, aliyeanza kuona miali ya mwanga au vidoa vyeusi vingi vinavyoelea, na mvaaji wa lenzi za jichoni ambaye jicho limekuwa jekundu na linauma. Hao waje siku hiyohiyo. Aliyeingiwa na kemikali aoshe jicho palepale kwa maji safi mengi, dakika 15 au zaidi, ndipo aanze safari. Nakala ya orodha akae nayo anayepokea simu, kwa kuwa ndiye anayesikia malalamiko kwanza.

Sababu ya kuwapunguza wanaokuja ni ya kweli. Darubini ya kukagulia jicho huwaweka daktari na mgonjwa uso kwa uso. Li Wenliang, daktari wa macho wa Wuhan aliyefariki kwa COVID-19 Februari 2020, alidhani aliambukizwa na mgonjwa wa glakoma, ugonjwa wa macho unaohusishwa na presha ya juu ndani ya jicho.

Siku moja kabla ya miadi, mtumie mgonjwa chati ya herufi na maelezo ya umbali wa kusimama. Ukubwa wa herufi hubadilika kulingana na skrini, kwa hiyo mwelekeze alinganishe mstari uliomchorea kwenye chati hiyo na kadi ya benki, yenye upana wa milimita 85.6. Apime jicho mojamoja akiwa na miwani yake ya mbali, na jingine alifunike kwa kiganja bila kulikandamiza. Picha apigwe na mtu mwingine, kwa kamera ya nyuma, karibu na dirisha. Za kujipiga mwenyewe mara nyingi hazina maana. Awe pia na chupa zake zote za dawa mezani.

Presha ya jicho haipimiki kwa video. Wenye glakoma wapangiwe ziara fupi ya kupimwa tu, kisha majibu wayapate kwa simu. Wanaochomwa sindano za retina (utando wa nyuma ndani ya jicho) ratiba yao isiahirishwe kienyeji.

Kuhusu dawa ningekuwa mkali: matone ya steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) yasianzishwe kwa jicho jekundu ambalo halijakaguliwa. Kama chanzo ni virusi vya herpesi, yanaweza kuharibu konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Mtandao ukikatika, nani ampigie mwenzake? Mkubaliane mapema.