Namna ya Kumpima Pokémon Kabla ya Kumwingiza Kikosini

"Huyu ana nguvu?" ni swali lisilo na jibu. Yenye majibu ni mawili: huyu atanifanyia kazi gani, na nani atamzuia asiifanye? Nitampitisha Garchomp katika hatua zote hapa chini. Ni kiumbe ambaye karibu kila mchezaji amewahi kupigwa naye, na sifa zake hudanganya kidogo. Hesabu zote ni za leveli 50 kwa kanuni za michezo ya Pokémon Scarlet na Violet, namba za kuzaliwa zikiwa kamili, yaani 31.

Hatua ya 1: Jua unacheza pambano la namna gani

VGC, mashindano rasmi ya mapambano ya Pokémon, huchezwa wawili kwa wawili: unaonyesha kikosi cha sita, unachagua wanne, wawili wanaingia uwanjani kwa pamoja. Kwenye Pokémon Showdown, tovuti ya kupambana mtandaoni, wengi hucheza mmoja kwa mmoja, na wote sita wanatumika. Usimpime kiumbe kabla ya kuamua ni lipi kati ya haya.

Mchukue Volcarona, aliye Mdudu na Moto. Katika pambano la mmoja kwa mmoja, mawe ya Stealth Rock yakishatandazwa, humng'oa nusu ya uhai wake kila anapoingia, labda awe amevaa Heavy-Duty Boots, viatu vinavyomkinga na mawe hayo. Katika wawili kwa wawili mabadiliko ni machache na mawe hayo huonekana kwa nadra, kwa hiyo udhaifu huo huo unakuwa kama haupo.

Hatua ya 2: Soma aina zake, lakini usihesabu tu

Aina ziko 18. Pigo huweza kuuma mara 2 au mara 4, nusu au robo, au lisiume kabisa. Garchomp ni Joka na Ardhi: umeme haumgusi, moto, sumu na mwamba vinamuuma nusu, joka na kichimbakazi vinamuuma mara 2, na barafu mara 4.

Wanaoanza huishia hapo: udhaifu mitatu, basi. Kinachotakiwa ni kujua udhaifu huo unakutwa mara ngapi. Barafu ni aina mbovu sana kwa kujilinda, kwani haipunguzi pigo lolote isipokuwa la barafu mwenzake, na kwa hiyo viumbe wa aina hiyo si wengi vikosini. Lakini mapigo ya barafu yamo mikononi mwa wengi ambao si wa barafu. Flutter Mane ni Mzimu na Kichimbakazi, na bado anajua Icy Wind. Kwa hiyo usitafute ni nani wa aina hiyo tu; tafuta nani anabeba pigo la aina hiyo.

Kumbuka pia kwamba katika Scarlet na Violet kuna Terastal, inayombadilisha kiumbe aina mara moja katika pambano. Garchomp akigeuka Chuma, barafu, joka na kichimbakazi vyote vinamuuma nusu. Mpime kabla ya kugeuka na baada ya kugeuka.

Hatua ya 3: Namba sita, na kasi kwanza

Namba za msingi za Garchomp ni uhai 108, shambulizi la mwili 130, ulinzi wa mwili 95, shambulizi maalumu 80, ulinzi maalumu 85 na kasi 102. Jumla 600. Jumla hiyo isahau, haina kazi.

Mimi huanza na kasi, kwa sababu ndiyo namba pekee ambayo tofauti ya pointi moja inaweza kuamua kila kitu. Garchomp mwenye hulka ya Jolly, inayoongeza kasi, na pointi 252 za mafunzo kwenye kasi hufika 169. Wenye kasi ya msingi 100, kama Salamence, Zapdos na Volcarona, wakifanyiwa hivyo hivyo huishia 167. Pointi mbili tu, lakini anapiga kwanza kila mara. Juu yake wako Flutter Mane na Chien-Pao, kasi ya msingi 135, wanaofika 205. Wote wawili wana cha kumuumiza. Akivaa Choice Scarf, skafu inayozidisha kasi mara 1.5, anafika 253 na kuwapita, ila atabaki amefungwa kwenye pigo moja hadi atoke uwanjani.

Andika hivyo hivyo kwa kiumbe wako: anawapita akina nani, anapitwa na nani. Kasi ndogo nayo si kasoro moja kwa moja. Torkoal ana kasi ya msingi 20, na Trick Room ikiwashwa wazembe hutangulia kwa zamu tano. Hapo ndipo anapochoma watu.

Kwa ulinzi, zidisha uhai kwa ulinzi, usiangalie namba moja peke yake. Blissey ana uhai wa msingi 255, mkubwa kuliko wa yeyote, lakini ulinzi wake wa mwili ni 10. Bila pointi za mafunzo na kwa hulka isiyobadili kitu, leveli 50 anakuwa na uhai 330 na ulinzi wa mwili 30: ukizidisha, 9,900. Garchomp ana 183 na 115: 21,045. Kwa mapigo ya mwili, Garchomp ni mgumu zaidi ya mara mbili ya Blissey. Ukihamia ulinzi maalumu mambo yanageuka, Blissey 51,150 na Garchomp 19,215. Anayekwambia "Blissey hauawi" muulize: kwa pigo gani?

Hatua ya 4: Kipaji

Hatua fupi, lakini inaweza kufuta zote zilizotangulia. Slaking ana jumla ya 670 na shambulizi 160, namba ambazo hata wengi wa viumbe adimu wa kihadithi (Legendary) hawazifikii. Kipaji chake, Truant, kinamfanya alale zamu moja kati ya kila mbili. Mpinzani anajikinga kwa Protect katika zamu yake ya kupiga, kisha anampiga anapolala. Biashara imeisha.

Kwa upande mwingine yuko Incineroar, mwenye namba za kawaida tu, na kipaji cha Intimidate kinachoshusha shambulizi la mwili la wapinzani wote wawili kila anapoingia. Garchomp mwenye Rough Skin humkwangua anayemgusa, moja ya nane ya uhai wake. Si haba.

Hatua ya 5: Mapigo manne, kisha kikokotoo

Kiumbe ana nafasi nne tu. Pigo la aina yake mwenyewe huongezeka mara 1.5, kwa hiyo anza na hayo: kwa Garchomp, Earthquake yenye nguvu 100 na Dragon Claw yenye 80. Sasa tafuta nani anayazuia yote mawili. Corviknight, Chuma na Kuruka: ardhi haimgusi, joka linamuuma nusu. Enamorus, Kichimbakazi na Kuruka: yote mawili hayamgusi kabisa. Nafasi ya tatu ijibu hao, la sivyo ukubali kwamba kuwajibu ni kazi ya mwenzake.

Baada ya hapo fungua kikokotoo cha madhara, kwa sababu macho hayatoshi. Mfano nilioukokotoa: Garchomp wa Jolly mwenye pointi 252 za shambulizi anampiga Incineroar kwa Earthquake. Incineroar ana pointi 252 za uhai, hivyo uhai wake ni 202, na hana pointi za ulinzi.

Mmoja kwa mmoja, bila Intimidate, pigo hutoa kati ya 186 na 222. Mara nyingine anakufa, mara nyingine anabaki na tone la uhai.

Wawili kwa wawili, Earthquake inapogawanyika kwa wengi hupungua hadi asilimia 75. Sasa inatoa 138 hadi 164. Hafi.

Intimidate ikishamshusha Garchomp, inatoa 92 hadi 110. Karibu nusu tu, tena dhidi ya kiumbe mwenye udhaifu wa ardhi!

Ni Garchomp yule yule na pigo lile lile. Huo upana kati ya namba mbili ni bahati nasibu ya mchezo, inayozidisha kila pigo kwa kitu kati ya 0.85 na 1. Panga kwa kutumia namba ya chini unaposhambulia na ya juu unapojilinda.

Pigo lisilotoa damu nalo lina thamani. Incineroar anatafutwa kwa ajili ya Fake Out inayomzuia mpinzani kwa zamu nzima, na Parting Shot inayomdhoofisha mtu huku yeye akitoka salama. Nguvu ya makucha yake ni jambo la baadaye.

Hatua ya 6: Mweke pembeni ya wenzake

Mwaka 2014 Sejun Park alitwaa ubingwa wa dunia wa VGC, kundi la wakubwa, akiwa na Pachirisu kikosini. Jumla ya namba zake ni 405, ilhali katika kikosi hicho hicho alikuwamo Garchomp wa 600. Wengi huisimulia habari hii kama muujiza. Haikuwa muujiza. Park alikuwa pia na Gyarados, Maji na Kuruka, ambaye umeme humuuma mara 4. Pachirisu ana Follow Me, inayovuta mapigo yamjie yeye, na kipaji cha Volt Absorb, kinachogeuza umeme kuwa tiba. Udhaifu mkubwa wa mmoja ukawa chakula cha mwingine.

Kwa Garchomp, swali la kwanza la uwanjani ni nani atasimama naye. Earthquake humpiga na mwenzake. Talonflame, ambaye naye alikuwa kikosini mwa Park, anaruka, basi haimgusi. Ukimweka Incineroar pembeni yake, unamng'oa zaidi ya nusu ya uhai wake wewe mwenyewe.

Hatua ya 7: Andika kadi ya mistari mitatu

Kazi, wanaomzuia, mwenzake. Ya Garchomp wangu inasomeka hivi: "Hupiga kabla ya wenye kasi 100, humaliza waliokwisha kujeruhiwa. Huzuiwa na Intimidate, Icy Wind, Corviknight. Asimame na anayeruka, na nyuma yake awepo mpiga moto wa mapigo maalumu." Mapigo maalumu kwa sababu Intimidate haiyagusi, na moto kwa ajili ya Corviknight.

Cheza mapambano ya kutosha ukiwa na kadi mkononi, na kila anapoanguka andika aliyemwangusha. Jina ambalo halimo kwenye kadi likijirudia, rudi hatua ya 2. Likiwa ni lile lile ulilokwisha kuliandika, badilisha mwenzake kabla hujambadilisha yeye.