Kijana amevuta kitu, wanasema ni bangi tu: ufanyeje

Naandika haya kwa wazazi na makhalati wenzangu wa Malindi, na Lamu pia manake vijana ni walewale na maskani ni zilezile.

Mtoto wa dadangu alianguka nyuma ya nyumba usiku baada ya isha, povu mdomoni, moyo unamwenda mbio mpaka ukiangalia fulana unaiona inaruka. Wenzake wakaniambia khalati usijali kavuta bangi tu, ataamka. Mamangu akasema ni jini, aitwe mwalimu amsomee. Tukapanda tuktuk mpaka hospitali, wakampima mkojo, kile kikaratasi kikasema hakuna bangi, basi tukaambiwa labda ni kifafa mrudisheni nyumbani apumzike. Asubuhi naosha kaptula yake nakuta kipakiti mfukoni, kinang'aa, ndani majani makavu, na nje imeandikwa kwa Kizungu eti ni ubani wa kufukiza si wa kuvuta. Mi nimezaliwa nyumba inayofukizwa udi kila Ijumaa, na ule haukuwa udi wala haukunuka bangi hata chembe.

Sasa kwanza ujue ni nini. Bangi ni mti, na kinacholewesha ndani yake kinaitwa THC, wanasayansi Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walikitoa kwenye mmea mwaka 1964. Hii nyingine, ya kwenye kipakiti, ni bangi bandia, hutengenezwa maabara. Mwalimu wa kemia wa Marekani anaitwa John Huffman alitengeneza nyingi miaka ya 90 kwa ajili ya utafiti tu, moja ikapewa jina JWH-018, halafu watu wakachukua ile kanuni wakafanya biashara, ikaanza kuuzwa Ulaya kwa jina la Spice, na mwaka 2008 Wajerumani walipopima ule ubani ndo wakaikuta mle ndani. Zote mbili zinaenda kugusa sehemu moja ya ubongo, lakini chukulia redio: THC inapandisha sauti mpaka katikati, hii inazungusha kitufe mpaka mwisho na haikirudishi. Na zaidi ya hapo, ile dawa hunyunyiziwa kwenye majani yoyote makavu na haisambai sawasawa, kwa hiyo msokoto mmoja mtu hasikii kitu na wa pili kutoka pakiti hiyohiyo unamwangusha. Nyingine inakuja kwenye maji ya veipu, ile sigara ya umeme, huoni jani wala moshi wa maana.

Utajuaje? Wa bangi macho mekundu, anacheka ovyo, ana njaa, analala. Wa hii anaweza kuganda amesimama kama sanamu, au anatapika mfululizo, anapigana na watu asiowaona, analalamika kifua, au degedege. Ukiona hivyo usingoje asubuhi.

Mlaze ubavu ili akitapika asipaliwe, mlegezee nguo shingoni, watu wasimzunguke, punguza taa na kelele, mtu mmoja tu aongee naye kwa upole. Usimtie kijiko mdomoni. Usimnyweshe maziwa wala ndimu, najua ndo tulivyozoea, lakini mtu aliyezimia ukimmiminia kitu mdomoni kinaenda mapafuni. Kisomo asomewe, sikatazi, ila asomewe huku tuktuk inaenda. Na kama uko Lamu upande wa Matondoni au Kipungani itisha boti mapema, usingoje azidiwe ndo uanze kutafuta nahodha.

Beba kile kipakiti au ile veipu. Hili ndo kosa langu mimi, sikutafuta mfukoni usiku uleule. Ukifika mwambie daktari wazi, pengine ni ile ya kutengenezwa na kipimo cha bangi hakiioni. Haina dawa ya kuikata, lakini watamtuliza degedege, watamtundikia maji, wataangalia moyo na figo, maana kuna watu figo zimefeli kwa sababu yake. Kama mboni za macho ni ndogo kama ncha ya sindano na anapumua kwa taabu mara mojamoja, hapo fikiria unga, yaani heroini, na unga una dawa yake, naloksoni, iulizie hapohapo.

Kuhusu vipimo, watu wengi hawaelewi. Kile kikaratasi cha mkojo kinatafuta mabaki ya THC peke yake. Aliyevuta bangi mara moja huonekana kama siku 3 hivi, anayevuta kila siku anaweza kuonekana mwezi mzima au zaidi, kwa sababu THC inajificha kwenye mafuta ya mwili. Ile ya maabara ni kemikali tofauti, inahitaji mashine kubwa, na maabara zenye mashine hizo zinaikamata. Kwa hiyo ukiambiwa hana bangi usishushe pumzi, ujue tu hana bangi.

Sheria nayo, wasikudanganye mabichiboi kwamba hii ni halali kwa sababu mtalii kaja nayo kutoka kwao. Ujerumani wameruhusu bangi kiasi tangu Aprili 2024, lakini hapa Kenya bangi ni kosa kwa sheria ya 1994, na baada ya marekebisho ya 2022 hata ya kuvuta mwenyewe ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au jela isiyozidi miaka 5. JWH-018 iliwekwa kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa ya mkataba wa Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Wanaotengeneza hubadilisha kemikali kidogo wakimbie orodha, ndo maana China ikapiga marufuku ukoo wake wote Julai 2021. Na si mambo ya mbali, Mauritius na Mayotte, bahari yetu hii hii, vijana wameumia nayo miaka sasa.

Kijana wetu alipozinduka sikumpiga. Nilikaa naye barazani, nikamwekea kile kipakiti mbele yake, nikamwomba anisomee kilichoandikwa. Akasoma mpaka pale pa "si ya kuvuta" akanyamaza. Siku ya pili ndo akakubali tupige 1192, simu ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni bure, akaongea mwenyewe mi nikatoka nje.