Namna ya kuandika wasifu wa babu aliyekuwa mtu wa kompyuta

Baba yangu aliandika programu za kompyuta hadi alipostaafu, kisha akawa babu wa kutwa nzima. Alipofariki, wasifu wake niliachiwa mimi, binti wa pili. Naandika haya kwa ajili yako uliyepewa kazi hiyohiyo, pengine usiku huu, turubai linafungwa nje na ndugu wanaulizana habari za sahani na viti.

Jua kwanza kwamba una maandishi mawili ya kuandika. Ule wasifu wa kusomwa ibadani au makaburini uwe ukurasa mmoja tu, maana mchungaji anaangalia saa na watu wamekaa juani. Mrefu usubiri arobaini. Ukichanganya yote mawili, shule na vyeo vitakula nafasi na mtu mwenyewe hataonekana.

"Alifanya kazi ya kompyuta" haimwambii mtu kitu. Tafuta jambo moja alilolifanya, ulieleze hadi shangazi aliyetoka kijijini alielewe. Mimi nilichagua kuingia kwa mwaka 2000. Programu nyingi za zamani zilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi, hivyo 1999 ikawa 99. Mchukue mfanyakazi aliyezaliwa 1945. Mwaka 1999 mashine inatoa 45 kwenye 99, inapata umri wa miaka 54, sawasawa. Mwaka 2000 inatoa 45 kwenye 00, inapata umri ulio chini ya sifuri, na hesabu ya mafao yake inavurugika. Baba na wenzake walizipitia programu za mishahara zilizoandikwa kwa COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu, mstari kwa mstari, wakisaka kila mahali penye tarehe. Mkesha wa mwaka mpya alilala ofisini. Januari mishahara ikatoka kama kawaida, na kwa kuwa ilitoka, hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na kazi iliyofanyika. Niliposoma hapo, wazee waliofanya naye kazi walitikisa vichwa kukubali.

Taja na nyakati zake. Kama marehemu wako alianza kazi Tanzania miaka ya 70, sema kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Vijana wa simu janja ndipo watakapoelewa kwa nini watu wa rika lake katika fani hiyo walikuwa wachache. Kama alitumia kadi za matundu, zile za karatasi ngumu zilizotobolewa ili mashine isome programu, zieleze pia: kadi moja ilibeba herufi 80, yaani mstari mmoja wa programu. Bunda likidondoka na kuchanganyika, hakuna kazi mpaka lipangwe upya.

Habari za namna hii huzipati kwenye vyeti. Wanazo wafanyakazi wenzake, nao watakuja msibani. Kaa nao wakishapata chai. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani, maana utajibiwa alikuwa mcheshi na mchapakazi, maneno ambayo kila marehemu huambiwa. Uliza: mashine ikigoma, alianzia wapi? Mchana alikula na nani? Nani alifundishwa kazi na yeye? Mzee mmoja alinisimulia kwamba programu ikiwa na hitilafu, baba aliichapa kwenye ile karatasi pana yenye vitundu pembeni, akaitandaza sakafuni, akavua viatu na kuipitia akiwa amepiga magoti, penseli nyekundu mkononi. Nyumbani hatukuwahi kuliona hilo.

Kwenye ubabu wake, wape wajukuu nafasi, umsikilize kila mmoja peke yake na uandike alivyosema bila kumnyoosha. Wetu hawakusema babu aliwapenda. Walinyoosha mkono. Aliwafundisha kuhesabu hadi 31 kwa vidole vya mkono mmoja: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 4, cha pete 8, kidogo 16, halafu unajumlisha vilivyosimama. Gumba na cha kati, 5. Niliiandika hesabu yote kwenye wasifu, nikafuta aya nzima ya sifa ili ipate nafasi, na ningefanya hivyo tena.

Wakati huohuo usikubali vifaa vyake vigawanywe. Kompyuta ikifutwa ili apewe mjukuu anayeingia chuo, picha na maandishi yake yamekwenda. Laini ya simu iendelee kuwekewa vocha: ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba za uthibitisho za akaunti zake hutumwa humo. Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili. Kama mzee wako yu hai, Google na Apple zina mpangilio wa kuteua mtu atakayefikia akaunti baada ya kifo. Mwombe auweke. Mtu aliyeishi kwa kutunza nakala za akiba hawezi kukukasirikia.

Majina ya wajukuu yahakikishe kwa mama zao, herufi kwa herufi, usiache hata mmoja. Kisha soma kwa sauti ukishika saa, uchape nakala tatu kwa herufi kubwa: ya msomaji, ya mchungaji, na moja ya ndugu atakayepokea kusoma msomaji akizidiwa na kilio.