Kukagua sigara na vepu madukani, ukiwa Tabora

Mdogo wangu uliyepangiwa Tabora kama afisa afya, swali la kwanza utakalokutana nalo dukani halihusu mapafu. Utaulizwa, "Kwani wewe umesomeshwa na nini?" Usibishe. Wengi wetu huku, mimi nikiwemo, ada ililipwa na tumbaku ya Urambo. Waeleze kwamba Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya 2003 haimng'oi mkulima shambani. Hapa dukani umefuata uuzaji. Kisha mpe mkulima kinachomfaa: majani mabichi yenye umande hupenyeza nikotini kwenye ngozi, ndiyo maana wachumaji hutapika na kushikwa na kizunguzungu. Asubiri umande ukauke, avae mikono mirefu, watoto wasichume. Maneno hayo yatakufungulia milango ambayo kitambulisho chako hakiwezi.

Kwa Mangi, yaani duka la mtaani, usiingie na daftari mkononi. Nunua maji, kaa kwenye benchi, tazama. Kiberiti cha gesi kikining'inia kwa kamba dirishani, ujue hapo sigara zinauzwa moja moja. Hiyo moja ndiyo saizi ya mwanafunzi, kwa sababu pakiti nzima haimudu, na inamfikia bila onyo lililochapwa kwenye pakiti. Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa namna hiyo. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 sheria yetu inakataza. Mwenye duka atakwambia mtoto katumwa na baba yake. Basi baba aje mwenyewe, siyo mbali.

Vepu, yaani sigara za kielektroniki, ni kazi nyingine. Mimi nimezikuta kwa wauza kava za simu, zimepangwa kati ya chaja na flashi, na mama mtu anaweza kuifua kwenye mfuko wa sare asijue ni nini. Omba boksi usome: nikotini imetajwa? Miligramu ngapi kwa mililita? Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha 20, nacho kitakusaidia kulinganisha. Ikiandikwa haina nikotini, bila maabara huwezi kuthibitisha wala kukanusha, kwa hiyo nakili maandishi tu. Ule moshi mweupe si mvuke wa maji. Ni propilini glaikoli, gliserini na ladha vilivyopashwa moto.

Utaulizwa pia kama si afadhali kuliko sigara. Jibu kwa ukweli, hata kama wakubwa wangependa jibu fupi. Mvutaji aliye mtu mzima, aliyeacha sigara kabisa na kuhamia huko, anakwepa lami na kaboni monoksaidi. Kijana ambaye hajawahi kuvuta anaanza uraibu uliokuwa haumhusu. Sheria ya 2003 iliandikwa kabla vitu hivi havijafika kwenye maduka yetu. Uganda, katika sheria yao ya 2015, walivipiga marufuku waziwazi, pamoja na shisha.

Baa hazitakuchukua muda. Feni na dirisha haviondoi sumu ya moshi, na mhudumu anauvuta zamu nzima.

Kwenye ripoti andika mtaa, tarehe na ulichokiona, siyo ulichosimuliwa. Kampuni ya tumbaku ikikupa lifti au chakula cha semina, kataa na uwatajie kifungu cha 5.3 cha mkataba ule wa WHO, kinacholinda sera za afya dhidi ya maslahi ya kampuni za tumbaku. Nauli ya Kaliua idai halmashauri, hata kama italipwa msimu ujao.