Jinsi ya kuwapatia watoto wa mtaa mahali pa kuchezea

Viwanja vingi vya watoto vinavyokufa mitaani huanza na bembea. Mfadhili analeta mabomba, yanapakwa rangi, utepe unakatwa. Mwaka haujaisha minyororo imeshauzwa kwa chuma chakavu na kivuli kimekuwa kijiwe cha bodaboda. Sababu ni moja: kifaa kimewekwa kabla eneo halijazoeleka kuwa la watoto. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume. Kwanza muda, halafu idhini, halafu vitu vidogo. Bembea iwe mwisho, na ikikosekana mchezo hautasimama. Mfano ni mtaa wa mjini Tanzania, lakini vipimo vinafaa popote.

Hesabu watoto kabla ya kuhesabu pesa

Kwa siku tatu, moja ikiwa Jumamosi, zunguka mtaa saa 10 jioni ukiwa na daftari. Andika wako wapi, wangapi, wasichana kwa wavulana, wanacheza nini. Kisha waombe watoto sita hadi wanane wa miaka 6 hadi 12 wakutembeze wenyewe. Watakuonyesha ambayo kamati haitayajua: mtaro wanaoruka, jalala wanakookota vizibo, ukuta wa nyuma ya msikiti wenye kivuli cha mchana.

Mara nyingi utaona wasichana wachache, na waliopo wamebeba wadogo zao mgongoni. Hilo linaamua mambo mawili. Muda uwe baada ya maji kuchotwa na kabla ya chakula cha jioni kuanza kupikwa. Saa 10 hadi saa 12 kasorobo hufaa kwa mitaa mingi, na watoto wanarudi kabla ya adhana ya magharibi. Pili, pawe na mkeka kivulini kwa ajili ya wadogo wanaoletwa, la sivyo dada zao watakaa pembeni wakitazama.

Idhini iwe ya karatasi

Neno la mdomo la mwenyekiti wa mtaa huondoka naye akimaliza kipindi chake. Pelekeni suala kwenye mkutano mkuu wa mtaa, na muhtasari uandike mipaka ya eneo, siku na saa za michezo, na majina ya wasimamizi. Usainiwe, upigwe muhuri, nakala tatu: ofisi ya mtaa, afisa maendeleo ya jamii wa kata, na ninyi wenyewe.

Kabla ya kuchimba shimo lolote, nendeni idara ya mipango miji ya halmashauri mkaulize eneo hilo kwenye mchoro wa mipango miji limetengwa kwa matumizi gani. Kama ni eneo la wazi, mna nguvu. Kama ni kiwanja cha mtu ambacho hajajenga, msiweke kitu cha kudumu; ombeni kukitumia, mwekeane barua, na vifaa vyote viwe vya kubebeka. Shule, msikiti na kanisa huwa na uwanja ulio tupu jioni, ila mwalimu mkuu huogopa lawama mtoto akiumia baada ya masomo. Mpeni barua inayotaja nani anafungua, nani anafunga, na nani anawajibika.

Kwenye mkutano hakosekani mzee wa kusema mchezo ni uvivu na watoto wakasome. Msibishane naye. Msomeeni Sheria ya Mtoto ya 2009, ambayo inataja kucheza na kupumzika miongoni mwa haki ambazo mzazi au mlezi ana wajibu nazo kwa mtoto, pamoja na chakula, malazi na elimu. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinasema hivyohivyo. Mwezi wa kuombea msaada ni Juni: tarehe 11 ni Siku ya Kimataifa ya Mchezo, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2024, na tarehe 16 ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Halmashauri huwa inatafuta la kuonyesha. Ombeni mchanga, siyo fulana.

Wiki sita bila kujenga chochote

Fungueni michezo mara mbili kwa wiki, siku zilezile, saa ileile, kwa wiki sita. Kinachohitajika kwa watoto 40 kinaingia kwenye sanduku moja la mbao lenye kufuli:

- kamba 4 za kuruka, mbili za mita 2.5 na mbili za mita 5
- mipira 6 ya soksi na 2 ya miguu
- ringi au tairi 6 za baiskeli za kusukuma
- kanga na mashuka chakavu 10, na vibanio vya nguo
- madumu ya lita 5 yaliyokatwa, mabeseni, vijiko vikubwa, vizibo vya soda ndoo moja
- maboksi makubwa kutoka dukani, yabadilishwe yakilowa

Wasiojua hudharau hayo maboksi na kanga. Lakini mpira wa miguu huchezesha wale hodari tu, ilhali kanga nne na boksi la friji ni nyumba, duka, hospitali na daladala kwa jioni moja. Msiweke kabisa madumu yaliyobeba dawa za kilimo, betri, chupa za vioo, wala ndoo yenye maji yaliyosimama; mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kina cha kiganja. Madumu yaliyokatwa yapitishwe msasa ukingoni.

Mpira wa rede, mchezo wa kumlenga kwa mpira aliye katikati ya warushaji wawili, una ufundi wake. Chukua soksi ndefu ya pamba, jaza vipande vya kitambaa vilivyokatwa vidogo, visokote mpaka upate ukubwa wa chungwa, pindua soksi juu yake mara mbili, kisha ushone kwa uzi wa nailoni badala ya kufunga fundo. Fundo ndilo linaloumiza likimpata mtu shavuni. Usiweke mchanga ndani: ukilowa unakuwa jiwe. Kwa rede weka warushaji umbali wa mita 10, na wanaochezea mtindo wa kujaza chupa mchanga wapewe chupa ya plastiki.

Tatizo la wiki ya pili linajulikana: wavulana wa miaka 14 wameshachukua eneo lote kwa chandimu, yaani mpira wa miguu wa mtaani. Usiwafukuze. Chora mstari wa chokaa, wape theluthi moja ya uwanja au nusu saa ya mwisho, na mmoja wao apewe kazi ya kulinda mstari. Magoli ya chuma yakiwepo, yafungwe ardhini kila mara; goli lisilofungwa humwangukia mtoto anayening'inia, na limeshaua watoto katika nchi nyingi.

Wasimamizi wawe wawili kila siku, wanaoonana, na asiwepo mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto mahali pa kujificha. Waulizeni pia mama lishe na fundi cherehani wanaokaa jirani. Hao wapo kila siku, wanamjua kila mtoto na mama yake, kuliko kamati ya watu kumi na wawili.

Mtaa usio na uwanja

Fungeni njia kwa saa mbili Jumapili. Kigali imekuwa na siku za kufunga barabara kwa magari tangu 2016. Ninyi mnaomba mita 60 tu za uchochoro. Pateni barua ya mtaa, na kama ni barabara inayopitisha daladala zungumzeni na trafiki au tafuteni njia nyingine. Kila mwisho wekeni madumu mawili ya lita 20 yenye maji, ubao juu yake, na mtu mzima mwenye filimbi. Gari la mkazi linaruhusiwa, kwa mwendo wa miguu, msimamizi akitangulia mbele. Mpango huu huvunjwa na bodaboda kuliko magari, kwa hiyo mwenyekiti wa kijiwe chao aelezwe siku tatu kabla, na ikiwezekana ndiye apewe filimbi.

Sasa jengeni

Ikiwa baada ya wiki sita watoto bado wanakuja, jengeni kati ya Juni na Septemba, masika yakiwa yameisha na vuli haijaanza.

Anzeni na shimo la mchanga: mita 3 kwa 3, kina sentimita 30. Hiyo ni mita za ujazo 2.7, kama tani 4.3, tripu mbili za Canter ya tani tatu zinatosha na akiba inabaki. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Chini zimwagwe kokoto kidogo ili maji yapite, na usiku ufunikwe kwa turubai. Paka na mbuzi hawaulizi. Kwa mtoto wa kiti cha magurudumu tengenezeni meza ya mchanga yenye uwazi wa magoti chini, kimo cha sentimita 70, na njia iliyoshindiliwa ya upana usiopungua sentimita 90.

Tairi za kurukia: tairi 8 za gari dogo, kutoka kwa fundi wa pancha. Pitisha mkono wenye glavu ya ngozi ndani na nje. Lililotoa nyaya za chuma halifai. Toboa matundu matatu sehemu ya chini, simamisha, zika nusu, jaza udongo ndani. Tairi lenye maji ni nyumba ya mbu Aedes, anayeeneza dengi, na Dar es Salaam ilishapata mlipuko wa dengi 2014 na 2019. Zipakwe rangi nyeupe au ya njano, kwa kuwa raba nyeusi juani saa 8 mchana huunguza paja.

Bembea ya viti viwili inataka mabomba 3 ya chuma ya inchi 2, ya mita 6. Mawili yanakatwa kuwa miguu minne ya mita 2.8, la tatu linatoa boriti ya mita 3 na viungo vya kukaza. Boriti ikae mita 2 juu ya ardhi. Acha sentimita 75 toka mguu hadi kiti, 60 kati ya viti. Mashimo manne ya sentimita 30 kwa 30, kina 70. Zege la saruji 1, mchanga 2, kokoto 4, mifuko miwili ya saruji. Limwagiliwe siku 7, viti vifungwe baada ya siku 14. Kulabu zenye umbo la S hufunguka zikibeba uzito. Tumia boliti na nati, na beringi kwenye boriti. Kiti kiwe cha raba laini, kwani ubao humpasua mdomo anayepita mbele. Pengo lolote kwenye fremu au ngazi lisiwe kati ya sentimita 9 na 23: mwili unapita, kichwa kinakwama.

Watu hupigia hesabu mabomba na minyororo. Gharama iko kwenye mchanga. Mita 4 mbele na 4 nyuma ya boriti, upana wa mita 3, kina sentimita 30, ni mita za ujazo 7.2, zaidi ya tani 11. Bila huo mchanga, msifunge bembea. Chini ya kiti hutoboka shimo kila wiki, kwa hiyo reki na beleshi vikae kwenye sanduku lilelile la kamba.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi msimamizi atikise miguu ya bembea, akaze nati, apitishe kidole kwenye pete za mnyororo. Pete iliyolika theluthi ibadilishwe. Kiti kikipasuka kiondolewe siku hiyohiyo na mnyororo uzungushwe juu ya boriti mpaka usifikike, hata kama fundi atakuja kesho asubuhi. Mnyororo mtupu unaoning'inia ni kitanzi.